Siku zimepita na kipimo hakieleweki: anza na tarehe

Nauza dawa hapa Moshi, upande wa Mbuyuni, na mtu mwenye wasiwasi wa mimba huwa namjua kabla hajafungua mdomo. Anasubiri wateja wengine waishe. Kisha anatoa kipimo kilichofungwa kwenye tishu, anakiinua kwenye mwanga wa mlango na kuniambia, "Dada, hebu kiangalie wewe, hapa kuna mstari au hakuna?" Mimi nakiacha hapohapo juu ya kaunta na kumuuliza: siku zako za mwisho zilianza tarehe ngapi?

Wengi wanakwama hapo. Na jibu mara nyingi liko kwenye hiyo tarehe, siyo kwenye kile kikaratasi. Kwa hiyo nitakupeleka kwa mpangilio ninaoutumia mimi dirishani, na kama una maumivu ya tumbo sasa hivi unaposoma, ruka yote haya uende kwenye sehemu ya maumivu huko chini.

Tarehe

Mzunguko unahesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu ilipotoka, siyo siku uliyomaliza. Watu wengi wanahesabu kuanzia kumaliza, wanajikuta wamepishana na ukweli kwa siku nne au tano, na kwenye mambo ya mimba changa siku tano ni nyingi. Kama hukuandika popote, jikumbushe kwa matukio. Ilikuwa kabla au baada ya ule ubatizo? Siku ya kikao cha vikoba ulikuwa na pedi? Tarehe zinasahaulika, lakini mtu anakumbuka vizuri sana harusi aliyoshindwa kuvaa gauni jeupe.

Mzunguko wa kawaida kwa mtu mzima ni kati ya siku 21 na 35. Yai linatoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hesabu inarudi nyuma kutoka kwenye hedhi ijayo, haiendi mbele kutoka kwenye iliyopita, na hilo ndilo linalowachanganya watu wenye mizunguko mirefu.

Chukua wanawake wawili wanaouza ndizi meza moja, wote waliona siku zao tarehe 3 Mei. Wa kwanza mzunguko wake ni siku 28: anategemea hedhi nyingine tarehe 31 Mei, na yai lake lilitoka karibu na tarehe 17. Wa pili mzunguko wake ni siku 35: anategemea hedhi tarehe 7 Juni, na yai lake lilitoka karibu na tarehe 24. Wakipima wote tarehe 31 Mei, na wote wana mimba, wa kwanza ana nafasi nzuri ya kupata mistari miwili. Wa pili anaweza kupata mmoja, akaenda kunywa pombe ya mbege akijua yuko salama. Siku zake wala hazijachelewa, ni kwamba amejipima kwa kalenda ya jirani.

Kinachotafutwa kwenye mkojo ni homoni iitwayo hCG. Yai likirutubishwa halitoi habari siku hiyohiyo. Linasafiri kwenye mrija kwanza, linakuja kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na hilo linatokea kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai litoke. Hapo ndipo hCG inaanza kuingia kwenye damu, na baadaye kidogo kwenye mkojo. Mwanzoni ni ndogo mno, kisha inaongezeka karibu mara mbili kila baada ya siku mbili hadi tatu. Pakiti nyingi za vipimo tunavyouza zimeandikwa 25 mIU/ml. Maana yake ni kwamba homoni ikiwa chini ya kiwango hicho, kikaratasi hakiioni, hata kama mimba ipo na inakua vizuri.

Sasa kuna wale wasio na tarehe kabisa: siku zao zinakuja zinapotaka, au wametoka kwenye sindano, au wananyonyesha. Kwa hao natumia hesabu nyingine. Pima siku 21 baada ya mara ya mwisho ulipokutana na mwanaume bila kinga. Ukipima kabla ya hapo na kipimo kikasema hakuna, usikiamini.

Hii hesabu ya siku 21 inanifanyisha kazi sana mwanzo wa mwaka. Mnajua Disemba huku kwetu: Wachaga wote wamerudi nyumbani, magari ya Dar yamejaa barabara za migombani, kila boma lina sherehe, na watu waliopendana sekondari wanakutana tena. Ikifika tarehe 2 Januari nina foleni ya wanaotaka UPT, yaani kipimo cha mimba cha mkojo. Nawauzia, sikatai hela, ila nawaambia ukweli. Kama mambo yalikuwa tarehe 26 Disemba, rudi tarehe 16 Januari. Kabla ya hapo kipimo hakina cha kukueleza.

Kununua na kupima

Kununua kwenyewe kunawatoa watu jasho. Moshi ni mji mdogo, kila foleni ina shangazi wa mtu. Sema tu "naomba UPT mbili" kwa sauti ileile unayoombea Panadol. Muuzaji hana haki ya kukuuliza kama umeolewa, wala jina lako halimhusu. Kama bado unaogopa, nunua ukipita Boma Ng'ombe au Himo, hakuna sheria inayosema lazima iwe mtaani kwako. Nimesema mbili kwa sababu mara nyingi utaihitaji ya pili. Kile kikaratasi cha kawaida kwetu hakifiki shilingi elfu mbili. Vile vya plastiki vyenye kifuniko ni ghali zaidi kwa sababu ni rahisi kushika, homoni wanayotafuta ni ileile.

Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukague kama pakiti ina tundu. Vingi vinatakiwa kukaa kwenye joto la nyuzi 2 hadi 30. Ukivinunua Februari au Machi na ukaviacha kwenye gari juani, joto la Moshi ya bondeni unalijua mwenyewe.

Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Umekaa usiku kucha, umekolea, homoni iko nyingi humo. Ukinywa maji chupa nzima ili mkojo utoke haraka, unaupunguza nguvu na ndiyo chanzo kikubwa cha mistari ya kubahatisha. Ikipita wiki moja tangu siku ulizotegemea, saa yoyote inafaa, ingawa asubuhi bado ni bora.

Kinga mkojo kwenye chombo kikavu na kisafi. Kikombe kilichosuuzwa kwa sabuni kikabaki na povu kinaweza kuharibu kazi. Chovya kikaratasi wima, mishale ikitazama chini, usivuke ule mstari wa kikomo uliochorwa. Kiache kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti, kitoe, kilaze mahali pakavu palipo tambarare. Washa saa ya simu. Kwa vipimo vingi unasoma kati ya dakika 3 na 5, na baada ya dakika 10 husomi tena. Soma pakiti yako, kwa sababu hawafanani.

Na kaka, kama umesoma hadi hapa: wanaume nao hununua, na ni vizuri. Lakini mkojo ni wake na jibu ni lake. Kusimama mlangoni mwa choo ukigonga hakuharakishi kitu.

Mistari

Kuna mistari miwili inayoweza kutokea. Mmoja, kwenye vipimo vingi una herufi C, ni wa kuthibitisha kwamba kipimo kinafanya kazi. Mwingine, T, ni wa mimba.

C peke yake: homoni haijaonekana leo. Nasisitiza leo.

C na T: mimba ipo, au ilikuwepo siku za karibuni.

T peke yake, au hakuna kitu kabisa: kipimo kimeharibika. Hata kama T inang'aa kama ya sherehe, bila C hatuihesabu. Kitupe, tumia kingine.

Kinachowaleta watu dukani ni T hafifu. Hapa mniwie radhi nirefushe, maana ndipo watu wanapopoteza usingizi.

Jiulize mambo matatu. Ulitokea ndani ya muda wa kusoma? Una rangi, hata kama ni nyepesi, yaani pinki kama mstari wa C ulivyo pinki? Na ni mstari kamili, wenye upana sawa na ule wa C? Ukijibu ndiyo mara tatu, huo ni mstari, na mstari hafifu ni mimba. Hakuna mimba nusu. Uhafifu unaonyesha tu kwamba homoni bado ni kidogo, na mara nyingi ni kwa sababu umepima mapema.

Lakini kama ulikiacha dirishani ukaenda kazini, ukarudi mchana ukakuta kivuli cha kijivu, kisicho na rangi, chembamba kama mkwaruzo, hicho ni mkojo uliokauka. Hakina maana yoyote. Nimeshuhudia ndoa ikitikisika kwa kikaratasi kilichookotwa kwenye ndoo ya taka jioni. Ukimaliza kusoma, kitupe.

Kama huna uhakika, usinunue vitano uvimalize siku hiyohiyo. Mkojo ni uleule, homoni ni ileile, utapata mashaka matano badala ya moja. Subiri saa 48 hadi 72, upime tena kwa mkojo wa asubuhi. Mimba inayokua itakuwa imeongeza homoni na mstari utakuwa umekolea. Ukibaki vilevile au ukififia, au ukapotea na damu ikaja, huenda mimba ilijishikiza ikatoka mapema kabisa. Hilo ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, na zamani, kabla ya vipimo hivi, mwanamke angesema tu siku zake zilichelewa wiki moja zikaja nzito. Hukuitoa kwa kunyanyua ndoo wala kwa kupanda bodaboda. Mara nyingi ni yai ambalo halikujipanga vizuri toka mwanzo.

Ukihitaji jibu kali zaidi, lipo la damu. Maabara kubwa zinapima kiwango chenyewe cha hCG kwa namba, na daktari akitaka kujua mimba inaendaje anakuambia urudi baada ya siku mbili kupima tena. Namba moja peke yake haisemi mengi, mwendo wake ndio unaosema. Utrasaundi inasaidia kuanzia wiki ya 6 au ya 7 hivi ukihesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ukienda kabla ya hapo utalipia picha ambayo haina kitu cha kuonekana, utoke na presha.

Yapo mambo machache yanayoleta mistari miwili bila mimba inayokua. Kama umejifungua au mimba imetoka hivi karibuni, homoni inaweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa. Sindano za hCG wanazochomwa wanaotafuta mtoto nazo zinaonekana. Kuna pia mimba zabibu, ambapo kondo linakua vibaya bila mtoto: mstari unakolea sana, kutapika ni kukubwa, tumbo linaweza kuzidi umri wa mimba, na damu hutoka. Hiyo ni ya hospitali bila mjadala. Antibayotiki, dawa ya malaria, vidonge vya majira na bia havibadilishi kipimo, hata kama jirani yako ameapa.

Kipimo kinasema hakuna, na siku hazijaja

Rudia baada ya wiki moja. Kama siku zilizopita zilikuja pungufu kuliko kawaida, matone tu siku moja au mbili, usizihesabu kama hedhi. Hesabu kuanzia ile iliyotangulia. Wengine huona damu kidogo mwanzoni mwa mimba wakadhani wameingia mwezini.

Hapa kuna kioja kimoja. Mimba ikishakuwa ya miezi miwili au mitatu, homoni inaweza kuwa nyingi kiasi cha kukizidi nguvu kikaratasi, na kipimo kikasema hakuna. Haitokei sana, lakini inatokea. Mtu wa maabara anajua dawa yake, anauchanganya mkojo na maji kidogo anapima tena. Kwa hiyo mtu mwenye kichefuchefu, matiti yaliyojaa, miezi miwili bila hedhi na kipimo kisichoonyesha kitu, simuuzii cha tatu. Namwelekeza utrasaundi.

Kama kweli hakuna mimba, basi kuna sababu nyingine, na ziko nyingi. Nitataja ninazokutana nazo.

P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inaongoza. Ukiimeza, hedhi inaweza kuwahi au kuchelewa kwa siku kadhaa. Ikizidi siku 7 tangu ulipozitegemea, pima. Wanafunzi wa vyuo wanaoinywa kila wikendi wanashangaa mzunguko umevurugika, na mimi nawashangaa wao, maana kuna njia za muda mrefu za kupanga uzazi kwenye kituo cha afya, na kwenye vituo vya serikali hazina malipo. Sindano ya miezi mitatu inaweza kukata siku kabisa, na ukiiacha mwili unaweza kuchukua karibu mwaka kurudi. Vijiti navyo vinavuruga. Haviharibu kizazi, vinabadilisha tu ratiba ya damu.

Mama anayenyonyesha asijidanganye. Kinga ya kunyonyesha inafanya kazi kwa masharti yote matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu, usiku na mchana, bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Likivunjika moja, yai linaweza kutoka kabla hujaona damu ya kwanza. Nina mteja ambaye mtori wa uzazi ulikuwa bado haujamtoka mdomoni tukawa tunapima tena.

Mwili ukichoka na kukosa chakula unafunga hedhi wenyewe. Wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon, wanaofunga mlo ili wapungue, na wasichana wanaobeba mizigo mlimani. Mmoja wao alipanda na wagumu, yaani wabeba mizigo, msimu mzima, Machame akishuka anapumzika kidogo anapanda Marangu, akaja na kipimo kisichoonyesha kitu kwa mara nyingine na uso umekonda. Daktari alimwambia ale, apumzike mlima, na siku zikarudi. Msongo nao unafanya hivyohivyo: mtihani, msiba, kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo.

Wengine ni homoni hazijakaa sawa: mayai hayakomai kwa wakati, siku zinakuja mara tatu kwa mwaka, chunusi na nywele kidevuni. Wengine ni tezi ya shingo. Wengine maziwa yanatoka na hawana mtoto. Dawa za baadhi ya magonjwa ya akili nazo zinasimamisha hedhi. Wasichana miaka miwili ya mwanzo baada ya kuvunja ungo hawana ratiba. Na mama wa miaka 47 anayeniambia "mimi nimeshakoma" namuuzia kipimo kwanza, kukoma baadaye.

Kumwona daktari: miezi 3 bila hedhi kwa mtu aliyekuwa na mpangilio, miezi 6 kwa asiye na mpangilio, na msichana aliyefika miaka 15 hajaona kabisa.

Niseme na hili la UTI. Huku kwetu mwanamke akitapika, akichoka na kukojoa mara kwa mara, kabla hajafikiria mimba ameshameza antibayotiki ya UTI na dawa ya taifodi. Anayetoka Mabogini au TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako mbu wapo kweli, anameza mseto wa malaria bila kupima. Kutapika, kuchoka na kukojoa hivyo kunaweza kuwa dalili za mimba changa. Siku zako zikiwa zimechelewa, mwambie anayekuhudumia kabla hajakupa dawa au kukupeleka eksirei. Zipo dawa tunazozikwepa kwa mjamzito, doksisaiklini ikiwemo, na zipo mbadala. Ila kama unatumia dawa ya kifafa, presha au VVU, usiiache kwa hofu. Nenda ukaulize haraka, uendelee kuimeza mpaka uambiwe vingine.

Maumivu

Mimba inaweza kujishikiza nje ya mji wa mimba, mara nyingi kwenye mrija. Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mistari miwili mizuri tu, au mmoja hafifu, kisijue iko wapi. Mrija ukipasuka, damu inamwagika tumboni na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache.

Siku zimechelewa au kipimo kimeonyesha mimba, na una lolote kati ya haya: maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, damu inayotoka kidogo kidogo, ya kahawia, kizunguzungu au kuzirai, maumivu ya ncha ya bega ambayo huelewi yametoka wapi, tumbo kujaa na kuuma ukienda haja. Usije dukani. Usisubiri daladala ya asubuhi. Kwa Moshi mjini ni Mawenzi au KCMC. Ukiwa juu, Kibosho, Kilema, na Huruma kwa watu wa Rombo. Arusha ni Mount Meru. Chukua gari, usiende peke yako, na ukifika sema kwa maneno haya: "Siku zangu zimepita na tumbo linauma upande mmoja." Sentensi hiyo inamfanya muuguzi anayejua kazi yake aache alichokuwa anafanya.

Vilevile kama damu inaloanisha pedi mbili kwa saa na kuendelea hivyo saa mbili, au una homa na uchafu wenye harufu.

Chumvi, Jik na "dawa ya kurudisha siku"

Wapo wanaojipima mimba nyumbani kwa kuchanganya vitu na mkojo. Chumvi, sukari, dawa ya meno: hakuna hata kimoja kinachoiona hCG. Povu linatokea kwa mkojo wa mwanaume pia, mjaribishe shemeji. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ni hatari kabisa, maana ikikutana na mkojo inatoa gesi inayochoma macho na mapafu, na vyoo vyetu vingine havina hata dirisha.

Halafu yupo anayekuja kunong'ona kwamba anataka dawa ya kurudisha siku. Namsikiliza, simfukuzi. Vidonge vinavyouzwa kwa kificho stendi bila kipimo wala maelezo, majani ya chai yaliyochemshwa mpaka meusi, mizizi, vyote vinamkuta mtu ambaye hajui kama ana mimba, ina wiki ngapi, wala kama iko kwenye mrija. Pima kwanza ujue. Kama ni hedhi iliyokwama kwa sababu nyingine, daktari ana namna ya kuifuatilia. Na kama ulishameza kitu na sasa damu haikatiki, au una homa, nenda hospitali leo, mwambie daktari ulichomeza. Huduma baada ya mimba kuharibika inatolewa kwenye hospitali zetu, kazi yao ni kukuokoa. Aibu inapita, maambukizi ya kizazi hayapiti yenyewe.

Ikiwa ipo

Anza asidi ya foliki siku hiyohiyo, miligramu 0.4 kwa siku. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba itungwe, yaani wengi wanagundua mimba mlango ukiwa unakaribia kufungwa. Pombe acha. Ule udongo wa kutafuna wanaouza sokoni acha pia. Hamu yake inakuja mara nyingi kwa mtu aliyepungukiwa madini ya chuma, kwa hiyo mwambie nesi.

Tarehe ya kujifungua unaipata mwenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha miezi 9. Yule wa tarehe 3 Mei mwenye mzunguko wa siku 28 anategemea tarehe 10 Februari. Mwenzake wa siku 35 aongeze wiki moja.

Kliniki nenda kabla ya wiki ya 12. Watapima wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na mkojo. Hapa mjini Pasua na Majengo wana vituo vya afya, na zahanati ya karibu nayo inatosha kuanzia. Kama una mwenza aliye tayari, mwende wote, naye apimwe. Kama huna, nenda peke yako, ueleze hivyo.

Kwa binti aliye shuleni: tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliopata mimba kurudi kwenye shule za kawaida baada ya kujifungua, kwa hiyo usiache kliniki kwa kuogopa kujulikana. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, shangazi, matroni, nesi, umwambie wiki hii.

Panga foleni kliniki mapema, saa mbili kasoro. Beba karatasi yenye ile tarehe, orodha ya dawa unazotumia na chupa ya maji, kwa sababu watakuomba mkojo tena.